Okeechobee: Lango Lifunguliwe Lini?

Desemba 2024, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilifungua malango ya Ziwa Okeechobee, kusini mwa jimbo la Florida, kikaanza kumwaga maji kuelekea baharini kwa makusudi. Hapakuwa na kimbunga njiani wala tuta lililokuwa likivuja. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, msimu ambao mkulima wa miwa na mhandisi wa maji ya mjini huanza kuhesabu kilichobaki. Lengo lilikuwa kulishusha ziwa hadi chini ya futi 12 kutoka usawa wa bahari na kuliacha hapo kwa miezi kama mitatu, ili mwanga wa jua ufike chini na mimea iliyokufa kwa kuzama iote upya. Kulikuwa na faida nyingine ambayo watu wa pwani waliielewa haraka zaidi: ziwa likiingia kwenye msimu wa mvua likiwa limeshuka, huenda lisilazimike kumwagwa mwezi Julai, maji yake yakiwa yamegeuka kijani na kujaa sumu.

Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Naamini pia kwamba Florida imetumia zaidi ya miaka 20 ikibishana juu ya lini lango lifunguliwe, na ubishi huo umewapa nafuu wale wasiotaka kuulizwa wanaingiza nini katika maji hayo.

Okeechobee ni ziwa pana lisilo na kina. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,900, kubwa kuliko kisiwa cha Unguja, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 3. Upepo mkali wa siku moja unatosha kuliibua tope la chini hadi juu. Zamani halikuwa na mto wa kutokea. Lilipojaa lilifurika upande wa kusini, maji yakatambaa polepole katika majani marefu ya kinamasi cha Everglades mpaka kwenye mikoko ya ncha ya rasi. Walowezi walipokikausha kinamasi hicho ili walime, walijenga ukingo wa udongo, na watu wakahamia chini yake.

Septemba 1926 kimbunga kiliuvunja ukingo huo na mji wa Moore Haven ukazama. Miaka miwili baadaye, Septemba 1928, kimbunga kingine kiliyasukuma maji ya ziwa juu ya mashamba ya kusini na kuua watu wasiopungua 2,500. Wengi wao walikuwa vibarua Weusi, wakiwamo wahamiaji kutoka Bahamas, na mamia yao walizikwa katika makaburi ya halaiki yasiyo na majina. Zora Neale Hurston alikiweka kimbunga hicho katika riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God. Anayelizungumzia ziwa hili kama suala la samaki na utalii peke yake anawasahau marehemu hao. Tuta la Herbert Hoover, lenye urefu wa kilomita 230 hivi, lilijengwa kwa sababu yao, na miji ya Belle Glade, Pahokee na Clewiston bado inaishi chini yake hadi leo.

Tuta liliwaokoa watu, lakini liliikata njia ya kusini. Badala yake maji ya ziada yakaelekezwa pembeni: mashariki kupitia mfereji unaoingia Mto St. Lucie na kutokea bahari ya Atlantiki karibu na mji wa Stuart, na magharibi kupitia Mto Caloosahatchee, uliochimbwa na kuunganishwa na ziwa, ukapita Fort Myers hadi Ghuba ya Mexico. Wakati huohuo, upande wa kaskazini, Mto Kissimmee uliokuwa ukijipindapinda kwa kilomita zaidi ya 160 ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971 ukawa mfereji wa kilomita 90. Maji yaliyokuwa yakipumzika mabondeni na kuacha uchafu wake humo yakaanza kufika ziwani mbiombio. Sehemu ya mto huo imerudishiwa mapindo yake, kazi iliyokamilika mwaka 2021, na ndege wamerejea. Hata hivyo, mvua kubwa ikinyesha, maji bado yanaingia Okeechobee kwa kasi iliyo mara kadhaa ya ile ambayo malango yote yanaweza kuyatoa.

Hapo ndipo ugumu wa mhandisi ulipo. Hawezi kungoja ziwa lijae ndipo alifungue, kwa kuwa atakuwa amechelewa. Kimbunga Irma cha Septemba 2017 kilileta mvua iliyolipandisha ziwa kwa zaidi ya futi 3, likavuka futi 17 mwezi uliofuata. Futi moja ya ziwa hili ni zaidi ya mita za ujazo milioni 500. Ndiyo maana kina chake huendeshwa kwa ratiba iliyoandikwa, inayosema ziwa likifika futi fulani mwezi fulani, kiasi fulani kitolewe. Ratiba ya 2008 ililenga kuliweka kati ya futi 12.5 na 15.5, chini kuliko ilivyokuwa awali, kwa sababu tuta lilikuwa limezeeka na maji yalikuwa yakipenya chini yake. Ukarabati wake ulikamilika Januari 2023 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 1. Agosti 2024 ratiba mpya ikaidhinishwa.

Sasa tuje kwenye sumu, inayotokana na mwani. Ninaposema mwani hapa simaanishi ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani. Hawa ni bakteria wanaojilisha kwa mwanga wa jua kama mimea, na aina inayoisumbua Okeechobee zaidi ni Microcystis. Seli zake zina vifuko vya hewa vinavyoziwezesha kuelea. Siku tulivu yenye jua kali hupanda juu na kujikusanya kama rangi iliyomwagika, zikawanyima mwanga viumbe walio chini yao. Zikifa na kuoza, hewa ya oksijeni ndani ya maji huisha na samaki hufa. Nyingi hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, inayoshambulia ini. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Kunazipasua seli na kuiachia sumu iliyokuwa imefungwa ndani yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa kwa muda mrefu yasizidi maikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita, na kwa maji ya kuogelea mamlaka ya mazingira ya Marekani imependekeza kikomo cha 8. Aprili 2021, katika bandari ndogo ya Pahokee iliyo kando ya ziwa, kipimo kilizidi 800.

Kina cha ziwa kinaingiaje katika habari hii? Pembezoni mwa Okeechobee, hasa magharibi, kuna ukanda mpana wa majani na mimea inayoota chini ya maji. Mimea hiyo hula fosforasi ileile ambayo mwani unaitaka, hutuliza mawimbi na kulishika tope. Ziwa likikaa juu ya futi 16 kwa miezi, mwanga haufiki chini na mimea hufa. Maji machafu ya katikati nayo, ambako tope limejikusanya kwa miongo, husambaa hadi ukingoni kwa kuwa hakuna cha kuyazuia. Mwaka unaofuata chakula chote kilichokuwa cha mimea kinabaki kwa mwani. Kwa hiyo ziwa linaloachwa limejaa linajiharibu lenyewe kabla halijaharibu mto wowote.

Madhara ya pili yako kule mto unapokutana na bahari. Microcystis haipendi chumvi. Mlango wa St. Lucie ukiwa na chumvi yake ya kawaida, mwani wa ziwani hauwezi kutamba humo. Lakini malango yakiachia maji kwa wiki nyingi mfululizo, chumvi husafishwa na chaza, ambao hawawezi kuhama, hufa. Nyasi za baharini hukosa mwanga. Mwani unaoletwa na maji hayohayo hukuta makao mapya yenye joto, yasiyo na chumvi na yaliyojaa virutubisho, vikiwamo vinavyotoka kwenye vyoo na bustani za miji ya pwani yenyewe. Na ukisukumwa mpaka kwenye chumvi, seli hupasuka na sumu inabaki majini karibu na nyumba za watu.

Florida iliyaona haya yote mwaka 2016. Mvua zisizo za msimu, zilizoletwa na El Niño, zililijaza ziwa mwezi Januari, malango yakafunguliwa, na hadi Juni yalikuwa bado yanatoa maji. Juni 29 gavana Rick Scott alitangaza hali ya dharura katika kaunti za Martin na St. Lucie. Fukwe zilifungwa wikiendi ya sikukuu ya uhuru wao, na utando mzito wa kijani ukaganda kwenye gati za Stuart. Mwaka 2018 mambo yakawa yaleyale: umwagaji ulianza Juni, na mwanzoni mwa Julai picha za setilaiti zilionyesha dalili za mwani kwenye karibu asilimia 90 ya uso wake. Dharura ikatangazwa tena, safari hii katika kaunti saba. (Mwaka huohuo pwani ya magharibi ilikumbwa pia na wimbi jekundu, lakini hilo ni la kiumbe mwingine wa baharini, na kuyachanganya mawili hayo kumewapotosha watu wengi.)

Baada ya hapo wahandisi walijaribu kitu tofauti. Kati ya mwisho wa 2018 na majira ya machipuko ya 2019 walitoa maji mengi zaidi wakati wa baridi na ukame, ziwa likashuka hadi karibu futi 11. Msimu wa mvua wa 2019 ulipofika palikuwa na nafasi ya kuyapokea maji, pwani ya mashariki haikumwagiwa maji ya ziwa kwa wingi, na mimea ya chini ya maji ilirejea. Ninautaja mwaka huo kwa sababu unatenganisha vitu viwili ambavyo mijadala ya hadhara huvichanganya: kumwaga na kumwaga katika wakati mbaya. Kusini mwa Florida mvua ni Juni hadi Oktoba, miezi ileile ya joto kali. Kiangazi ni Novemba hadi Mei. Maji ya Januari ni ya baridi, mwani ndani yake ni haba, na chaza wana miezi ya kupata nafuu kabla ya majira ya kuzaana. Mita ya ujazo iliyotolewa Januari haiudhuru mto kama mita ileile ikitolewa Julai.

Wanaopinga wana hoja, na si hoja za uchoyo. Mlango wa Caloosahatchee unahitaji maji ya ziwa wakati wa kiangazi, takriban mita za ujazo 21 hadi 60 kwa sekunde. Yakikosekana, chumvi hupanda mtoni na kuua nyasi zinazoota kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo lango lilelile linalouumiza mto likifunguliwa sana linauumiza pia likifungwa. Mashamba ya miwa yanamwagiliwa kwa maji haya. Watu wa kabila la Seminole wa Brighton wana haki ya maji hayo kisheria. Na ukame ukilikuta ziwa limeshushwa tayari, hakuna wa kuyarudisha maji yaliyokwenda baharini. Julai 2007 ziwa lilishuka hadi futi 8.82, rekodi ya chini kabisa, na kabla ya hapo moto ulikuwa umewaka juu ya sakafu yake iliyokauka. Konokono wakubwa wa majini walipotea, na mwewe wa Everglades anayewategemea akakosa chakula.

Nikiyapima yote hayo, bado nasema lishushwe mapema. Hasara ya ukame huonekana ikija, na mji unaweza kupunguza matumizi wiki kwa wiki. Hasara ya Julai ikishaanza haina breki, kwa sababu siku hiyo mhandisi analazimika kuchagua kati ya sumu mtoni na usalama wa watu wanaoishi chini ya tuta, na hatawahi kuchagua mto. Wala hatakiwi kuuchagua. Ratiba mpya imelitambua hilo: inawapa waendeshaji nafasi pana ya kuamua kulingana na hali, inapunguza sana maji ya kupeleka St. Lucie ziwa likiwa katika viwango vya kati, na inaruhusu lango lisubiri mwani ukionekana umejikusanya mbele yake. Ni maendeleo ya kweli.

Tatizo ni kwamba ratiba hiyo imepewa mzigo usio wake. Wanasiasa wa pwani wameigeuza kuwa jibu la mwani, na umma umeanza kuamini kuwa kina kikipangwa vizuri sumu itaisha. Haitaisha. Majira ya joto ya 2023 mwani ulitanda tena ziwani. Kina cha maji kinaamua lini sumu itoke na imwendee nani. Kiasi chake kinaamuliwa na fosforasi.

Jimbo lilishaweka kikomo cha fosforasi mwaka 2001: tani 140 kwa mwaka, 35 kati yake zikitokana na mvua na vumbi la angani. Sheria ya mwaka 2000 ilitaka lengo litimizwe ifikapo 2015. Mwaka huo ulifika, ukapita, na badala ya adhabu ukaja mpango mpya wenye muda mrefu zaidi. Kiasi kinachoingia kwa kawaida ni mara tatu au nne ya kikomo, na katika mwaka wa Irma kilizidi tani 1,000. Zaidi ya hayo kuna fosforasi iliyokwisha kujilimbikiza katika udongo wa malisho na kwenye tope la ziwa, ambayo itaendelea kuvuja kwa miongo hata kama mbolea ingesimamishwa leo.

Inatoka wapi? Watu wengi watakujibu haraka: kwenye miwa. Jibu hilo linawafurahisha wengi na kwa sehemu kubwa si sahihi. Mashamba ya miwa yako kusini mwa ziwa, na tangu zoea la kusukuma maji yake machafu ziwani lilipobanwa, mchango wake katika fosforasi ya ziwa umekuwa mdogo. Kosa la miwa ni jingine: imekalia ardhi ambayo maji yangepitia kwenda Everglades. Fosforasi yenyewe inashuka kutoka kaskazini, kwenye ranchi za ng'ombe, mashamba ya maziwa, michungwa, na vitongoji vinavyozidi kutanuka kusini mwa Orlando. Huko hakuna kampuni moja kubwa ya kuinyooshea kidole. Kuna maelfu ya wenye ardhi, wengi wao wapiga kura wa serikali hiyohiyo ya jimbo, na mpango unaowataka wajiandikishe katika kanuni bora za kilimo bila kupima kwa ukali kinachotoka kwenye mfereji wa kila mmoja.

Badala ya kuwabana hao, fedha nyingi zimekwenda kwenye mabwawa. Siyadharau. Bwawa la mfereji wa C-44 lilizinduliwa 2021 ingawa limesumbuliwa na uvujaji, la Caloosahatchee limefuata mwaka 2025, na kubwa zaidi linajengwa kusini mwa ziwa pamoja na kinamasi cha kutengenezwa cha kuyasafisha maji kabla hayajaingia Everglades. Usafishaji huo hauepukiki, kwani Everglades inavumilia fosforasi sehemu 10 tu kwa bilioni, na maji ya ziwa yana zaidi ya mara kumi ya hizo. Lakini jumlisha ujazo wa mabwawa yote matatu: takriban mita za ujazo milioni 570. Hiyo ni futi moja ya Okeechobee. Irma peke yake ilileta zaidi ya tatu.

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, habari hii haiko mbali. Ziwa letu nalo lina lango, pale Jinja, tangu Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na kanuni ya makubaliano inataka maji yanayotolewa yalingane na yale ambayo Mto Nile ungeyatoa wenyewe. Kati ya 2004 na 2006 yalitolewa zaidi ya hapo katika miaka ya ukame, na ziwa likafika chini kuliko wakati wowote katika miaka zaidi ya 80. Mwaka 2020 na 2024 likapanda hadi rekodi za juu na kuzifukuza familia makwao. Katika Ghuba ya Winam, isiyo na kina na yenye mlango mwembamba, Microcystis na jamaa zake wameota mizizi, karibu na mahali Kisumu inapochota maji. Lakini ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800 haliwezi kushushwa kwa msimu mmoja ili kuiokoa ghuba moja. Florida ina lango la kununulia muda. Sisi hatuna. Udongo unaoletwa na mito ya Nyando na Sondu, mbolea, na maji ya vyoo ya miji yetu vinabaki kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo moja Florida inaweza kulifanya kesho bila kujenga chochote. Kina cha Okeechobee hutangazwa kila siku, na kila mvuvi wa Stuart anakijua. Fosforasi inayoingia ziwani hupimwa pia, kijito kwa kijito, lakini matokeo yake yanaishia katika ripoti nene za kila mwaka zinazosomwa na wataalamu. Namba hiyo itangazwe kando ya ile ya kina, kila mwezi, kwa kila bonde la kaskazini, na kikomo chake cha kisheria kiandikwe pembeni. Mpiga kura anayejua futi za ziwa lake ana haki ya kujua na tani zake.